Maji Chini ya Petroli

Mama mmoja wa Nakaloke, mke wa askari, hakujaza taa kabla ya kuinua chupa ya mafuta kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko mafuta. Hutulia chini, na taa ikiyapata huzimika watu wakiwa mezani. Mwanawe aliuona huo ushamba, kama vijana wengi wanavyoidharau elimu ya jikoni.

Alipoingia chuo cha urubani cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, alikabidhiwa kikombe cha kuonea petroli. Ndege ndogo aina ya Cessna 172 ina tangi katika kila bawa. Usiku wa baridi, unyevu hugeuka maji ndani ya tangi lisilojaa. Hivyo kabla ya kuruka rubani huchota kidogo chini ya kila bawa na kutazama.

Asubuhi moja, mvua ikinyemelea, kijana alichota bawa la kushoto tu. Mkufunzi hakumkemea.

"Injini ikizimika juu ya kwenu, utafanyaje?"

"Nitashusha pua, nishike mwendo wa kilomita 120 hivi kwa saa, nichague shamba lililo wazi, nitue nikielekea upepo."

"Na mama yako akiwa analima shamba hilo?"

Kijana akateremka. Akachota bawa la kulia, akainua kikombe kwenye mwanga. Chini palikuwa na tone la maji likibingirika. Akamwaga, akatikisa bawa, akachota tena. Mara ya nne petroli ikawa safi. Ndipo akapanda.