Ng'ombe wa Mzee, zizi la Mama

Kuna siku mfanyakazi mmoja wa shirika alitusimulia, sisi vijana wa kambi ya Kinama, kwamba kwao Ulaya kuna watu wanaopokea farasi walioteswa au kutelekezwa, wanawatunza nyumbani mpaka apatikane wa kuwachukua. Farasi hapa Muyinga hatuna, wengi tumemwona kwenye filamu tu. Kijana mmoja akauliza, sasa maziwa anakunywa nani? Kusikia hakuna anayekunywa, watu walicheka mpaka basi.

Mimi sikucheka sana, maana jambo lenyewe tunalo, ila kwetu ni ng'ombe. Kirundi wanasema kuragiza: ng'ombe wako, zizi la mwingine. Mlezi anakamua na anabaki na mbolea, ambayo kwa mashamba ya hapa inashinda maziwa. Ndama wanagawanywa vile mlivyopatana. Si sawa na kugabira. Hapo unapewa kabisa, na shukrani unaibeba maisha yote.

Mzee mmoja wa bloku yetu alifika kutoka Kongo hana hata mkia mmoja, na kwao milimani alikuwa na kundi. Akauza maharage sokoni, pole pole, mpaka akanunua mtamba. Kambini utamweka wapi? Nyumba zimebanana. Akampeleka kwa mama mmoja Mrundi, kilima cha jirani hapa Gasorwe. Walipatana kwa mdomo, mbele ya mashahidi wawili na urwarwa: ndama wa kwanza wa Mzee, wa pili wa Mama.

Kulea mnyama wa mtu ni kazi, musidanganyike. Sheria ya 2018 ya kufugia ndani ilianza kutumika Oktoba 2021, ng'ombe hazururi tena, majani ndiyo yanamfuata. Mama alipanda mabingobingo kwenye kingo za shamba, na vijana wawili wa kikundi changu wakawa wanakwenda kumkatia asubuhi, wanalipwa maziwa.

Halafu 2022 ikaingia homa ya Bonde la Ufa. Ng'ombe walitoka damu puani, wenye mimba wakatupa, serikali ikafunga masoko ya ng'ombe. Wa Mzee alikuwa na mimba. Mama angeweza kusema njoo uchukue mzigo wako. Hakusema. Kila jioni alifukiza moshi zizini kufukuza mbu, na sisi wote akatukataza kuingia. Ng'ombe akazaa salama, tena jike.

Mwaka 2024 Mzee akapata safari ya Marekani. Bloku nzima shauri lilikuwa moja: uza wote wawili, hela itakusaidia. Mimi nilikuwa nimetoka mafunzo Gitega, ambako nilikutana na mwalimu anayekaa mjini, ng'ombe wake analelewa kilimani. Wana karatasi yenye sahihi. Imeandikwa hata akifa hasara ni ya nani. Nikamwambia Mzee, kabla ya yote tuandike.

"Mwanangu," akasema, "ile homa ilipokuja, karatasi ndiyo ilifukiza moshi?"

Sikuwa na jibu, lakini bado niko naona karatasi ni lazima. Sisi wakimbizi tunaondoka, na anayebaki anaulizwa na watu: hii mali umeitoa wapi?

Tukapanda kilimani pamoja. Mama akamwamkia, "Amashyo!" Mzee akajibu, "Amashongore!" Wakaongea muda mrefu habari za kupe na bei ya dawa, kama vile hakuna safari. Mwishowe Mzee akasema ng'ombe mkubwa abaki kwa Mama, awe wake. Mtamba akawapa wale vijana wawili, alelewe palepale, kwa masharti yaleyale.

Safari hii tuliandika. Mzee alitia sahihi, Mama akaweka dole gumba, mkuu wa kilima akagonga muhuri. Wale vijana zamani nilikuwa nawagongea mlango saa kumi na moja waende kukata majani. Sasa nikifika nakuta wameshatoka.