Mizani ya Mkunga

Katika nyumba zetu hapa Uvira habari za kondo la nyuma si maneno ya wanaume. Mtoto akiisha kuzaliwa, kina mama hulizika kimya kimya, nasi kina baba twangoja nje kuuliza kama ni wa kiume au wa kike. Nami nilikuwa hivyo, hata siku alipozaliwa kifungua mimba wetu.

Miezi yake ilikuwa imetimia, lakini uzito wake ulikuwa gramu 2,100 tu. Mtoto apunguaye gramu 2,500 huhesabiwa kuwa mwenye uzito hafifu, na maisha yake yamo hatarini. Mama mkunga alilikagua kondo, asije akaacha kipande tumboni kikamtoa mzazi damu nyingi. Kisha akalipima: gramu 340. Akaniita.

“Mwalimu, kondo la mtoto aliyetimiza miezi huwa na gramu 500 hivi, karibu sehemu moja ya sita ya uzito wa mtoto. Hili ni dogo. Je, mama huyu alikuwa akilala ndani ya chandarua?”

Nikainama. Chandarua tulipewa, nami nikampa ndugu yangu mvuvi, akakigeuza wavu wa kuvulia ndagala. Mke wangu alilala pasipo kinga katika nchi hii ya ziwa na bonde la Ruzizi, penye mashamba ya mpunga na mbu tele. Homa ilimshika mara mbili; mimi nikasema ni uchovu wa mimba.

“Siwezi kuapa kwamba ni malaria,” akasema mkunga, “lakini sikiliza. Chakula na hewa ya mtoto hupita katika kondo kutoka damu ya mama, na uchafu wake hurudi kwa njia hiyo. Vijidudu vya malaria hujikusanya humo, hata mama asipoona homa. Njia ikizibwa, mtoto hukosa riziki yake.”

Akaongeza kwamba kondo zito kupita kiasi nalo si baraka sikuzote: laweza kuwa dalili ya upungufu wa damu, kisukari au kaswende. Ndiyo sababu yafaa mama apimwe damu mapema, asingoje uchungu.

Mtoto wetu alifungwa kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, akanyonya mara kwa mara, akapona. Leo yuko shule.

Mimba ya pili ilipokuja, chandarua kilitundikwa kitandani. Nilimsindikiza mke wangu kliniki mwenyewe. Tangu mwezi wa nne alimeza vidonge vya SP vya kuzuia malaria, mara tatu, kila mara baada ya mwezi, pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Nyumbani alikula ndagala, maharage na lengalenga, wala sikungoja nipakuliwe kwanza mimi. Mtoto alizaliwa na gramu 3,150, na kondo gramu 530.

Enyi kina baba, mama huchukua mimba peke yake, lakini mzigo wa kuilinda ni wetu sote. Basi msimwachie mkunga awaulize nililoulizwa mimi. Jiulizeni leo: chandarua cha nyumbani kwenu kiko kitandani, au kiko ziwani?