Mwezi Mpevu Mihintale

Anuradhapura, Sri Lanka, Jumatatu, 10 Februari 2025

Kesho alfajiri naenda Mihintale, kilima kilicho kilomita 13 hivi mashariki ya mji huu. Watalii wengi huishia hapa mjini, kwenye mastupa makubwa na ule mti mtakatifu wa bodhi. Kilimani hufurika watu Juni, kwenye mwezi mpevu wa Poson, kukumbuka siku Mahinda, mwana wa Mfalme Ashoka wa India, alipokutana na Mfalme Devanampiya Tissa. Huhesabiwa kuwa ni karibu mwaka 247 KK. Simulizi ya huku inasema mfalme alikuwa akimwinda paa, akamfuata mpaka juu, na huko akamkuta Mahinda, mtawa, amesimama, naye mtawa akamwita kwa jina lake tupu bila cheo chochote. Dini ya Buddha kisiwani inahesabiwa kuanzia hapo, kwa mawindo yaliyokatizwa. Leo pori linalokizunguka kilima ni hifadhi ya wanyama.

Mwenye nyumba kanieleza ya kuzingatia. Nguo nyeupe ndiyo bora. Mabega na magoti yasitiriwe. Viatu na kofia vivuliwe. Usiipe sanamu ya Buddha mgongo ili upigwe picha. Dira jeupe ninalo. Ninachowaza ni mtandio: kwetu mwanamke huingia penye ibada amefunika kichwa, na kwao heshima ni kichwa wazi. Sitajiamulia, nitauliza palepale.

Jumanne, 11 Februari

Dereva wa bajaji aliniteremsha kabla jua halijapanda. Ananiita akka, dada mkubwa, nami namwita kaka.

Ngazi ni 1,840, za mawe ya matale, pana na fupi kwenda juu, kana kwamba zililazwa kwa ajili ya wazee. Kila upande pana miti ya araliya, ile yenye maua meupe na kiini cha manjano, na maua yalikuwa yameanguka ngazi nzima. Watu waliyaokota yaliyo safi, wakayapanga kiganjani. Sikuona hata mmoja akiyanusa. Dereva alishaniambia kuwa ua la sadaka halinuswi, kwa sababu harufu yake imeshatolewa.

Kilichonishangaza ni ukimya wa pale, maana si ukimya wa mahame. Mtu anafagia, kima wanarukiana matawini, bibi anapumua kwa nguvu. Hakuna aliyebandika tangazo la kukataza kelele. Watu wanashusha sauti wenyewe kadiri wanavyopanda.

Katikati pana uwanda wenye magofu ya bwalo la watawa. Mahodhi mawili ya mawe, marefu, bado yapo: moja la wali, jingine la uji. Faxian, mtawa wa Kichina aliyefika kisiwani mwanzoni mwa karne ya 5, aliandika kuwa kilimani hapa waliishi watawa 2,000. Nilipolitazama hodhi la wali nikaamini. Nilikaa pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote, nikiwafikiria wapishi.

Mlango wa juu ndipo pa kuvulia viatu. Kijana mbele yangu aliambiwa avue kofia. Nikamwuliza mzee mlinzi kuhusu mtandio, kwa ishara zaidi kuliko maneno. Aliniangalia usoni, akaweka kiganja kifuani, kisha akaninyooshea mkono niingie. Mchanga ulikuwa baridi bado. Saa sita mchana, wanasema, haukanyagiki, na soksi zinaruhusiwa.

Stupa ya Ambasthala ni ndogo, nyeupe, imezungukwa na nguzo za mawe zilizokuwa zikibeba paa. Wanaamini palikuwa na mwembe. Kabla ya kumfundisha mfalme, Mahinda alimjaribu kwa maswali: mti huu unaitwaje, na miembe mingine ipo, na miti isiyo miembe ipo? Kisha, ukiacha miembe mingine yote na miti yote isiyo miembe, unabaki mti gani? Mfalme akajibu: mwembe huu. Akaulizwa vivyo hivyo kuhusu watu, walio jamaa zake na wasio jamaa zake, na ni nani anayebaki. Akajibu kwamba ni yeye mwenyewe. Mtihani huu naupenda kwa dhati. Mgeni anauhitaji kuliko mwenyeji: kabla hujawapima wengine, jua umesimama wapi wewe.

Sikupanda Aradhana Gala, lile jiwe lililochongoka lenye vyuma vya kushikia. Upepo ulikuwa mkali na watu walikuwa wakiomba njiani. Kuwapita kwa kuwakanyagia mikeka, kwa ajili ya mandhari tu, nafsi ilikataa.

Jumatano, 12 Februari

Leo ni poya, mwezi mpevu. Nchi nzima imepumzika. Nyama na pombe haziuzwi. Kilimani familia zimevaa nyeupe tupu, hata watoto wa mgongoni.

Mama mmoja mzee alichoka kwenye ngazi, akanipa nimshikie sinia la mayungiyungi. Nikalibeba mpaka juu nyuma yake. Njia nzima nilijiuliza: nikifika madhabahuni nifanye nini? Mimi Mwislamu, simwekei sanamu maua. Lakini kulibwaga sinia la mtu mlangoni nako ni utovu wa adabu. Tulipofika, mama akageuka, akalipokea kwa mikono miwili, akaingia peke yake. Hakunivuta, wala hakuniuliza. Nilisimama pembeni, chini kuliko watawa waliokuwa wameketi, mikono imetulia, nikasikiliza visomo vya Kipali na wale wengi wakiitikia sadhu mara tatu. Naona mipaka yangu ilikaa sawa pale, na yake pia. Kumbe mtu anaweza kuwa karibu sana na ibada ya mwenzake bila kuigiza.

Kesho usiku ni Nisfu Shaabani. Mwezi ni huohuo.

Alhamisi, 13 Februari

Nimerudi kwa ajili ya mabamba mawili ya mawe yaliyo karibu na bwalo, ya enzi ya Mfalme Mahinda wa Nne, karne ya 10. Ni kanuni za nyumba: watawa waamke alfajiri, wapige mswaki, wavae, wasome, kisha ndipo waende kwenye uji na wali. Yameandikwa pia majukumu na malipo ya wafanyakazi. Jasho la mpishi limechongwa jiweni pamoja na sala za mtawa, na hilo linanigusa kuliko mapambo yote niliyoyaona huku. Chini ya kilima pana magofu ya hospitali ya kale, vyumba vidogo vimeuzunguka ua, na hodhi la dawa lililochongwa kwa umbo la mwili wa mtu.

Dar, pale Upanga, lipo hekalu la Wabuddha lililoanzishwa na Wasinhala. Nimepita nje yake miaka yote. Nikirudi nitabisha hodi.

Nimemwuliza dereva kama anaujua msikiti wa karibu. Anaujua; atanipeleka baada ya Magharibi na kunisubiri. Akauliza kama mtu asiye Mwislamu anaruhusiwa kukaa barazani, na avue nini.