Maji ya Kuchezea

Ikiwa unaishi Kawangware kama mimi, unajua maji huko si mchezo. Mtungi wa lita 20 hununuliwa, na mifereji ikikauka bei hupanda siku hiyo hiyo. Ndiyo sababu majuzi kitinda mimba wangu wa miaka minne alipomwaga nusu mtungi sakafuni, akidai anatengeneza mvua, nilimchapa kofi kabla sijafikiri.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kumtembelea wifi yangu huko Silanga, Kibera. Tulishuka matatu Adams, tukakatiza soko la Toi, tukapitia Makina na kuteremka kuelekea mtoni. Kando ya mto huo, shirika la Kounkuey Design Initiative, ambalo limefanya kazi Kibera tangu mwaka 2006, limeshirikiana na wenyeji kugeuza sehemu zilizojaa taka kuwa viwanja vya umma.

"Mama, tunalipia wapi?" akauliza kifungua mimba. Mtoto wa mjini huyo, amezoea bembea za kulipia!

Nilimwambia hapa ni bure. Lakini msomaji, usitarajie maji ya kurushwa juu kama kwenye bustani za hoteli kubwa. Kina mama walikuwa wakifua mablanketi kwenye saruji. Kila aliyemaliza kusuuza alipaza sauti, "Haya!" na kuyamwaga maji ya mwisho, yasiyo na povu, kwenye mteremko. Watoto wakayarukia kwa mayowe, wakateleza, wakarudi kungoja beseni jingine.

Kitinda mimba wangu hakurukia. Alinigeukia. Hakunitazama usoni, alitazama mkono wangu.

"Nenda," nikamwambia. Hakwenda. Ilibidi nivue viatu, nikunje rinda na kutangulia mimi.

"Wifi, leo umekuwa mtoto!" Wifi yangu alicheka hadi akashika mbavu.

Hatua chache kutoka hapo ni Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953. Zamani watu walikuja kuendesha mashua za tanga humo, kabla halijazibwa na magugu na maji taka. Kwa hivyo ukienda na wadogo, beba nguo za kubadilisha na usiwaache wausogelee mto.

Jioni tulipofika nyumbani nilinunua mitungi mitatu badala ya miwili. Baba yao akauliza wa tatu ni wa nini. Kitinda mimba ndiye aliyemjibu.

"Wa mvua."