Mzabibu Wenye Majina Matatu

Kiswahili kina majina mawili ya kinywaji kitokanacho na zabibu. La kwanza ni mvinyo, lililotoka kwa Wareno, ambao husema vinho. La pili ni divai, ambalo ndani yake bado unasikika msemo wa Kifaransa du vin, na ambalo wengi wetu tulilisikia kanisani kabla ya kukiona kinywaji chenyewe mezani. Hata neno zabibu lina safari yake. Kwa Kiarabu, zabib ni tunda lililokaushwa. Tunda bichi lina jina jingine. Nadhani watu wa pwani walipokea jina la kile kilichowafikia, maana tunda bichi haliwezi kuvumilia wiki kadhaa ndani ya jahazi. Jina, basi, hutueleza tulikutana na kitu kikiwa katika hali gani, na kikiwa mikononi mwa nani.

Jambo hili lilinijia kwa nguvu Desemba iliyopita, nilipoonja divai nyekundu ya California iitwayo Zinfandel. Aliyeileta ni yaya, mtoto wa baba mkubwa, ambaye anaishi Marekani na anafanya kazi katika ghala la vinywaji. Chupa ilisafiri ndani ya sanduku ikiwa imeviringishwa kwenye suruali, ikavuka mto kwa mtumbwi mpaka Lubunga, kwa koko. Yaya hakutaka tuifungue mahali pengine popote. Alitaka koko aionje, kwa sababu koko amegema michikichi kwa zaidi ya miaka arobaini, na katika ukoo wetu hakuna anayejua vinywaji kama yeye.

Koko alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanusa, akanyamaza. Akanywa kidogo, akakiacha kinywaji kikae mdomoni, kama anavyofanya na masanga ya mbila anapopima kama yamelala kupita kiasi. Kisha akasema: “Hii iko inakamata ulimi.” Akanywa tena. “Mbele ni safu iliyoiva sana. Nyuma kuna pilipili. Na tena kuna kitu kichanga, kama tunda lililotoka juu ya mti mbele ya wakati.”

Yaya aligeuza chupa, akatusomea karatasi iliyobandikwa nyuma. Waliotengeneza divai hiyo wanataja matunda madogo meusi ya vichaka vya nchi za baridi, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyala, na wanataja pilipili manga. Koko hajui kusoma Kiingereza. Aliifikia pilipili kwa ulimi wake mwenyewe, na mahali pa matunda yale meusi aliweka safu, tunda letu la rangi ya zambarau iliyokaribia weusi, lenye uchachu wake.

Nilirudi chuoni na msemo wa koko masikioni. Katika Kiswahili sanifu lipo neno la hali hiyo: ukakasi. Ni ule mkauko unaoushika mdomo ukila ndizi mbichi. Wataalamu wa divai wanaeleza kwamba huletwa na tanini, iliyomo katika maganda na mbegu za zabibu, ambayo hujifunga na protini za mate hata ulimi ukakosa utelezi. Kwa hiyo ukakasi si ladha kama vile utamu au uchungu, ni mguso. Na hapo ndipo nilipoona uzuri wa maneno ya koko. Neno ukakasi linaitaja hali. “Inakamata ulimi” inaeleza kinachotendeka: kitu kimekuja, kimeshika, hakijaachia. Mgema wa Lubunga, bila maabara, alisema kwamba divai ina mkono.

Na kile “kitu kichanga” je? Nacho kina maelezo yake. Zabibu za Zinfandel haziivi kwa pamoja. Katika shada moja unaweza kukuta tunda lililokwisha kunyauka likawa kavu, jingine limeiva sawasawa, na jingine bado ni bichi. Yote huvunwa na kukamuliwa pamoja, ndiyo maana utamu wa tunda lililokauka na uchachu wa tunda bichi vinaweza kukutana katika kikombe kimoja. Matunda yale makavu yana sukari nyingi, na sukari ndiyo inayogeuka kileo. Divai hii mara nyingi hufika asilimia 14 au 15, na wakati mwingine hupita hapo. Nikikumbuka asili ya neno letu, naona kwamba kati ya mizabibu yote, huu unalistahili jina zabibu kwa maana yake ya Kiarabu.

Lakini yaya hakuwa ameleta chupa kwa ajili ya ladha tu. Katika mji anaokaa, anasali pamoja na watu kutoka Kenya na Tanzania. Akifungua mdomo, wanacheka. “Kule banasema Kiswahili yetu si Kiswahili,” alituambia. Watoto wake wamejifunza kusema kama wale wa pwani, na siku hizi wanamsahihisha baba yao mbele ya wageni. Alilisema hilo akitabasamu, lakini koko hakutabasamu. Ndipo yaya akatueleza habari ya mzabibu ule, aliyoipata kazini na ambayo mimi niliifuatilia baadaye.

Kwa zaidi ya miaka mia moja Wamarekani waliuona Zinfandel kuwa mzabibu wao. Inaaminika kwamba ulifika Long Island katika miaka ya 1820, pamoja na miche iliyotoka Vienna, kisha ukafika California katika miaka ya 1850, wakati watu walipokuwa wanakimbilia dhahabu. Mwaka 1967 mtaalamu wa magonjwa ya mimea, Austin Goheen, alikuwa Puglia, kusini mwa Italia. Alionja divai ya huko, ikamkumbusha Zinfandel, akaomba aonyeshwe mizabibu yake. Waliuita Primitivo, jina linalotokana na kuiva kwake mapema. Katika miaka ya 1990 Carole Meredith wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alilinganisha vinasaba, akathibitisha kwamba Zinfandel na Primitivo ni mmea mmoja. Hata hivyo, Italia nayo haikuwa chimbuko. Meredith alishirikiana na Ivan Pejić na Edi Maletić wa Kroatia, na mwaka 2001 mmea uleule ulitambuliwa katika shamba la Kaštel Novi, kwenye pwani ya Dalmatia. Huko uliitwa Crljenak Kaštelanski, na ilikuwa imebaki mizabibu michache tu. Chimbuko lilikuwa karibu kufa, huku ng’ambo ya bahari mmea huohuo ukijaza mabonde.

Yaya alihitimisha hivi: majina matatu, mmea mmoja, basi hakuna wa kumcheka mwenzake. Koko alikubali kwa kichwa. Mimi nilinyamaza kwa heshima, lakini hitimisho hilo halikunitosha, na hadi leo halinitoshi.

Sababu ni hii. Mzabibu huenezwa kwa kipandikizi: mkulima anakata tawi, analipanda kwingine, na mmea unaoota ni uleule wa kwanza. Ndiyo maana vinasaba vya California na vya Dalmatia vinalingana. Lugha haisafiri hivyo. Ingekuwa hivyo, Kiswahili chetu kingekuwa tawi la Unguja lililochomekwa kwenye udongo wa Tshopo, na kila tofauti ingekuwa ugonjwa wa tawi. Kumbe mzabibu una njia ya pili. Ukipanda mbegu yake, hupati mmea uleule. Unapata mmea mpya, wenye tabia zake na jina lake, maana mbegu huwa na wazazi wawili.

Tutazame historia ya mji huu. Stanley alianzisha kituo chake kwenye maporomoko mwaka 1883. Mwaka 1887 Tippu Tip, mtu wa Unguja, akafanywa gavana wa hapa. Waungwana waliofuatana na misafara walikuja na Kiswahili, na lugha yao ikaitwa Kingwana. Haikukuta mji usio na midomo. Ilikuta lugha za wavuvi na za watu wa msituni, kisha Kilingala kikapanda na mto kutoka magharibi, kisha Kifaransa kikaja na shule. Jina la mji wenyewe, lililochukua nafasi ya Stanleyville mwaka 1966, limejengwa kwa kiambishi -ni, kile cha nyumbani na mjini. Lugha iliyozaliwa hapa ina mzazi pwani na mzazi mtoni. Kuiita Kiswahili kilichoharibika ni kumtazama mtoto na kumlaumu kwa sababu amefanana pia na mama yake.

Kwa hiyo utetezi wa yaya, kwamba sisi na wao ni kitu kimoja, unatupa heshima kwa sharti la kufanana. Mimi nataka heshima isiyo na sharti hilo. Sisemi tuache Kiswahili sanifu. Ninaandika kwacho sasa hivi, na ndicho kinachoniwezesha kusomwa Mombasa na Dodoma. Nasema tu kwamba “inakamata ulimi” si kosa linalosubiri kugeuzwa kuwa ukakasi. Ni maneno mawili ya watu wawili waliokionja kitu kimoja kila mmoja kwa njia yake.

Mwaka huu ninaandaa kazi yangu ya mwisho wa masomo, juu ya maneno ya ladha katika Kiswahili cha Lubunga. Nimeshauriwa niweke maneno ya wasemaji katika mabano na umbo sanifu katika matini. Nitaomba kinyume chake. Mizabibu ya Kaštel Novi iliokoka kwa sababu mtu alifika ingali hai, akauliza jina lake kwa wenyeji na kuliandika kama walivyolitamka. Koko anaelekea miaka themanini, na hakuna mjukuu anayepanda mchikichi. Kila Jumamosi navuka mto na daftari. Hadi sasa nimeandika maneno yake hamsini na manne.