Wamaza imetukosea nini?

Lusangi, Jumatatu 3 Juni 2024

Kiangazi kimeingia, betri inajaa mapema. Kompyuta ni moja, benchi limejaa. Zoezi ni siri ya Kaisari: Suetonius anasimulia kwamba Julius Caesar aliandika d mahali pa a, na kila herufi vivyo hivyo, hatua tatu mbele. Vijana wametaka majaribio yawe majina ya kwetu. Kasongo inatoka ndvrqjr, Lusangi oxvdqjl. Kabambare na Maniema nazo zimepita, wakashangilia. Mimi sikushangilia. Majina manne, swali moja: hakuna herufi hata moja kati ya hizo inayovuka z.

Jumatano 5 Juni

Leo nimewapa Wamaza. Programu ikajibu zdpd}d.

“Mwalimu, Wamaza imetukosea nini?”

Ndani ya mashine z ni namba 122. Ongeza tatu, 125, na hiyo ni mabano ya mkunjo. Inatakiwa irudi a, b, c. Tumefika kwenye baki la kugawanya kwa 26 bila mimi kulitaja. Binti mmoja alilikumbuka kutoka hesabu za saa. Kabla ya Wamaza nitaweka z peke yake. Neno zima likianguka, mwanafunzi mpya hajui herufi ipi imemwangusha.

Baada yake nafasi kati ya maneno, ambayo wasipoangalia hugeuka #. Kisha ng'ombe: ile alama ya juu inakuwa nyota, qj*rpeh. Vitabu vya Kiingereza huleta alama mwishoni kama pambo. Kwetu imo zizini.

Jumamosi 8 Juni

Mpangilio wangu wote umevurugwa na unittest ya Python. Haijali nimeandika lipi kwanza. Inapanga majaribio kwa alfabeti ya majina yao. Kwa hiyo test_alama, yaani ng'ombe, limetangulia test_z. Anayeanza anapigwa na gumu kabla ya jepesi. Pytest hufuata mfuatano wa faili, lakini ni ya kupakua, na mtandao wa huku ni wa kubembeleza. Nikaweka namba. Hapo nako kuna mtego: test_10 hutangulia test_2, maana inasoma tarakimu kama herufi. Basi 01, 02, 03.

Jumanne 11 Juni

Mwalimu mwenzangu hataki jaribio la ufunguo sifuri. Neno linatoka kama lilivyoingia. Anasema ni maksi za bure. Nimelibakiza, tena la kwanza. Likipita, najua faili limeitwa sawa, funksheni ipo, mistari imeingizwa ndani inavyotakiwa. Likianguka, hatuna haja ya kuzungumza habari za Kaisari.

Kufumbua kunakuja mwisho: ufunguo hasi tatu, wakitumia funksheni ileile. Atbashi, ya Waebrania, a kwa z, b kwa y, itangoja wiki ijayo. Maniema inakuwa nzmrvnz, na ukiipitisha tena inarudi Maniema. Hapo jaribio la kufumbua sijui nilipe namba gani, maana kazi yake imeshafanywa na la kufumba.