Taa ya moteri ikiwaka

Wengi wetu hapa Makomeno tunakula kwa gari: ya baba watoto inayofanya taksi, ao ile ya kupelekea unga sokoni. Taa ya moteri ikiwaka, fundi anaunganisha valizi yake, anasoma, anasema: "Mama, kapteri ya joto imekufa." Na minervali ya watoto wa sekondari inaenda kununua nyingine.

Tusikubali haraka hivyo. Valizi haisemi kapteri imekufa. Kodi P0118, kwa mfano, inasema tu kwamba volti za kapteri ya joto la maji zimepanda kupita kiasi. Waya uliokatika ao priza yenye kutu vinaleta kodi ile ile.

Tumuombe fundi apime mbele yetu. Kapteri hiyo ikiwa baridi inazuia umeme sana. Ikipata moto inazuia kidogo. Kwa gari nyingi, kwenye degre 20 multimetri inaonyesha karibu omu 2500, kwenye degre 80 karibu 300. Ncha yake iingizwe katika sufuria ya maji (ya zamani, si ile ya bukari!) yanayopashwa polepole. Omu zikishuka hivyo, kapteri ni nzima, tatizo litafutwe kwenye waya: priza ikichomolewa na kontakti ikiwashwa, volti ziwe karibu 5. Zikikosekana, kapteri mpya haitasaidia kitu.

Kazi hiyo ya kupima tuilipe vizuri, ni kazi ya akili. Ila moteri ipoe kwanza kabla ya kuondoa kapteri, na watoto wakae mbali: maji ya moto yanaweza kuruka.